Mwamba kwa Herufi Ndogo

Nilikuwa nikifika kwenye neno hilo, nanyamaza.
Kwaya ya Igogo inapaza, Mungu anaitwa mwamba,
akina mama wanainua mikono,
nami nainama kama niliyeangusha sarafu,
natafuta chini ya benchi hadi ubeti upite.

Kwetu mwamba ulikuwa na uzito.
Ulikaa juu ya nyumba yetu, Mabatini, tangu enzi za babu wa babu.
Watoto tuliuparamia, mama akauanikia mihogo.
Usiku mmoja wa Aprili, mvua ya siku ya tatu,
udongo ukauachia.

"Mbuke, lala huko ukutani, mimi nataka dirishani."
Maneno saba. Nimeyahesabu.
Alikuwa na miaka tisa. Alihama na shuka lake bila ubishi,
na Mbuke alikuwa mbishi.

Msibani wakasema: kazi ya Mungu haina makosa.
Nikaitikia. Nilikuwa nimelelewa vizuri.
Miaka kumi na mmoja nikaitikia,
na mvua ikinyesha nalala nimekaa,
viatu miguuni.

Kazi yangu ni kalamu. Mwaloni, Kirumba,
dagaa wakipimwa mimi naandika:
gunia, kilo, jina, amelipa, bado.
Siku moja ya nzi wa ziwa, wameziba jua kama moshi,
mkono ukaandika wenyewe, kati ya Mazigo na Bituro:
Mbuke. Kilo ishirini na mbili. Bado.

Bwana Lugembe, tajiri wangu, hujumlisha kwa kidole.
Kidole kikasimama.
"Na huyu," akauliza taratibu, "nimjumlishe wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikakuta mezani
kaunta buku nene, bado ina harufu ya duka.
Yeye alikuwa nje, anagombana na mizani.

Usiku wa kwanza niliandika tarehe.
Wa pili, mvua.
Wa tatu sikuandika, nilifua.
Wa nne nikayaandika yale maneno saba,
nikatoka nje, nikatapika,
nikarudi, nikaweka nukta.

Kisha nikafungua ukurasa wa Mungu.
Nilimwandika kama wadaiwa wengine wa Mwaloni:
jina, tarehe, alichochukua.
Mistari nikaipiga kwa rula.
Safu ya "amelipa" nikaiacha wazi.
Nilidhani radi itanipiga.
Kilichokuja ni usingizi, saa nne mfululizo,
miguu mitupu.

Watu wa maombi huniuliza alinijibu nini.
Sijui kusema.
Najua tu kwamba kila nilipofungua daftari
sikuwa peke yangu juu ya ile karatasi;
kuna aliyekuwa akisoma nyuma yangu, polepole,
kwa kidole,
wala haruki mstari.

Juzi nilipanda Mabatini.
Mwamba uko pale uliposimama, chini ya kiwanja chetu.
Mtu ameanika sare za shule juu yake.
Mjusi wa kichwa chekundu anatikisa kichwa
kama anayeitikia amina ya jirani.
Nikauwekea kiganja.
Ulikuwa na joto la jua tu.

Jumapili, neno lilipokuja, sikuinama.
Nililisema midomoni, bila sauti,
kwa herufi ndogo.
Mama wa benchi la mbele hakugeuka.
Nilikuwa nimekaa ukutani.
Nafasi ya dirishani niliiacha wazi.